Pangani, Kivinje, Mikindani: pwani wanayoiruka

Wiki hii naomba tuziweke kando siasa za mjini, twende pwani. Sisemi ile pwani ya Nungwi na Paje ambayo kila mtu ameiona kwenye kalenda. Nasema Pangani, Kilwa Kivinje na Mikindani. Miji hii mitatu niliizungukia Julai 2024, katika likizo yangu ya mwaka, kwa basi, kwa bodaboda na kwa miguu. Nimerudi na jambo ambalo linatuhusu hata sisi tuliozaliwa kwenye baridi.

Kwa wasionijua, mimi ni mtoto wa Mbulumbulu, wilaya ya Karatu. Usione haya kama hujawahi kulisikia jina hilo, hata mhariri wangu alidhani nimelitunga. Watalii wanaokwenda Ngorongoro wanapita jirani na kwetu kila siku ya Mungu. Wanatoka Arusha, wanashika Mto wa Mbu, wanapanda ukingo wa Bonde la Ufa, wanafika Karatu mjini, wanalala, asubuhi wako langoni. Sisi tuko pembeni ya njia hiyo. Ukiiacha lami na kushika vumbi la Kambi ya Simba utakuta mashamba ya ngano, shayiri, mahindi, maharage na mbaazi, na ukienda mpaka mwisho, Lositete, ardhi inakatika ghafla na bonde lote linakuwa chini ya miguu yako. Hakuna kiingilio pale. Anayesimama ukingoni mara nyingi ni mchunga ng'ombe.

Wageni wale wakishamaliza simba na vifaru wao, wanapanda ndege ndogo pale kiwanja cha Ziwa Manyara na kushuka Unguja. Kwa hiyo wanaturuka mara mbili. Kwanza wanairuka Mbulumbulu, halafu wakiwa angani wanairuka pwani yote ya bara. Pangani iko chini yao wakati wanakunywa soda. Nilipoliona hilo kwenye ramani nikacheka peke yangu, kumbe sisi na Wapangani ni ndugu wa kurukwa.

Lakini sikwenda pwani kwa ajili ya kucheka. Nilikwenda kwa sababu ya eka sita.

Mwaka 2023 dalali mmoja kutoka mjini alikuja kwa baba. Alilitaka shamba letu la ukingoni, lile linalotazama bonde. Alisema kuna mtu wa kujenga hoteli ya watalii, na bei aliyoitaja ilikuwa haijawahi kusikika pale kijijini. Kaka yangu mkubwa akasema tuuze kesho. Mama akasema hata kusikia hataki. Baba, kama kawaida ya wazee wa Kiiraqw, akanyamaza wiki nzima, halafu akasema kikao cha ukoo kitakaa baada ya mavuno ya mwaka unaofuata. Kisha akanigeukia mimi: "Wewe tuliyekusomesha, utuambie watu wa mahali pengine walifanya nini."

Hapo nikabanwa. Chuoni nilisoma mambo mengi, lakini hilo sikufundishwa. Basi nikawaza, ni nani katika nchi hii amekaa na wageni muda mrefu kuliko wote? Ni watu wa pwani, ambao wageni wao walianza kufika zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Unguja sikwenda, kwa sababu pale wageni bado wapo. Nilitaka kuona mahali ambapo wageni walikuja, pesa ikamwagika, halafu wakaondoka.

Nikaanzia Pangani. Kutoka Tanga mjini ni kilomita hamsini hivi kuelekea kusini, katikati ya minazi na mashamba ya mkonge. Mji umekaa kwenye mdomo wa mto, maji ya kahawia yakiingia kwenye bahari ya bluu. Ng'ambo ni Bweni, na mimi nilivuka kwa kivuko pamoja na pikipiki, kuku na mabunda ya mabati, kwa maana daraja lilikuwa bado linajengwa. Kando ya mto kuna maghala na majumba ya zamani, na boma lililokaliwa na Wajerumani. Milango mingine ya kuchonga bado imesimama, ingawa kuta zake zimeshachoka.

Pangani ndipo Abushiri bin Salim alipoongoza watu wa pwani mwaka 1888 kuwakataa Wajerumani, na ndipo aliponyongwa Desemba 1889. Hilo wengi tulilisoma. Ambalo sikulijua mpaka nilipolitafuta ni habari za Oscar Baumann, msafiri kutoka Austria. Mwaka huo wa 1888 yeye na mwenzake Hans Meyer walikamatwa na watu wa Abushiri, wakafungwa minyororo, wakaachiwa baada ya kulipiwa fidia. Mwaka 1892 Baumann huyo huyo akatoka Tanga na msafara mkubwa, akaliona Ziwa Manyara, akapanda ukingo na kuingia kreta ya Ngorongoro. Vitabu vinamtaja kuwa Mzungu wa kwanza kufika pale. Yaani mtu aliyefungua njia ya watalii kupita mlangoni kwetu alikuwa mfungwa wa pwani hii. Msafiri Mjerumani Gustav Fischer naye aliondokea Pangani mwaka 1882 akielekea nchi ya Wamasai. Kwa misafara ya kaskazini, mji huu ndio ulikuwa stendi.

Sasa kwa nini stendi ilihama? Jioni nilikaa barazani na mzee mmoja. Nikampa shikamoo, akaniuliza nimetokea wapi, nikamwambia Karatu. Akacheka, "Mjukuu wangu, huko kwenye baridi mlisikia nini habari zetu?" Nikamwambia tulisikia kuwa Pangani imesahauliwa. Akatikisa kichwa. "Hakuna aliyetusahau. Mizigo ndiyo iliyohama."

Maneno yake nimeyachunguza na nimeyaona ni ya kweli. Mdomo wa mto una fungu la mchanga, meli kubwa hazipiti. Tanga ina bandari yenye kina. Mwaka 1893 Wajerumani wakaanza kujenga reli kutoka Tanga kwenda Usambara, na mwishowe ikafika Moshi. Pembe na mkonge vikafuata reli. Wapangani hawakulala usingizi wala hawakukosa akili. Mtu mwingine aliamua reli ipite kwingine, basi.

Kutoka hapo nikarudi Dar es Salaam, nikapumzika siku moja, nikashika njia ya kusini. Wazee wanaoikumbuka barabara hii watawaambia habari za kungoja kivuko cha Rufiji na kulala njiani msimu wa mvua. Daraja la Mkapa, karibu kilomita moja kwa urefu, lilifunguliwa mwaka 2003. Hata hivyo mvua bado ina neno lake. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopiga, barabara ilikatika maeneo ya Somanga na kusini ikabaki peke yake kwa siku kadhaa. Mimi nilipita miezi miwili baadaye, na abiria wenzangu walikuwa bado wanaonyeshana kwa kidole mahali maji yalipokata.

Nilishuka Nangurukuru, pale wauza korosho wanapogombania madirisha ya basi, nikachukua bodaboda hadi Kilwa Kivinje. Tusichanganye Kilwa. Ziko tatu. Kisiwani ndiyo ile ya kale, iliyotawala biashara ya dhahabu ya Sofala. Ibn Battuta alifika pale mwaka 1331 akausifu uzuri wake, na Wareno wakaupora mwaka 1505. Magofu yake, pamoja na ya Songo Mnara, yaliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981. Masoko ndiyo makao ya wilaya, yenye bandari na ofisi. Kivinje iko kaskazini ya hizo, na hao wageni wachache wanaofika Kilwa huenda kwenye magofu ya kisiwani, Kivinje wakaiacha.

Kivinje imenishika moyo kuliko zote. Ina mtaa mzima wa nyumba za ghorofa za mawe, nyingine bila paa, nyingine mti umeota sebuleni ukatokea dirishani. Chini ya kuta hizo maisha yanaendelea. Wavuvi wanashusha dagaa, watoto wanacheza mpira, mama mmoja ananikaangia pweza na kuniuliza, "Baba, umekuja kununua kiwanja?" Nikamwambia hapana mama, nimekuja kutembea tu. Hakuniamini hata kidogo. Kwake kijana mwenye begi na kalamu ni mmoja kati ya watu wawili, mnunuzi wa viwanja au mtu wa serikali.

Nyumba zile tusizipambe kuliko haki yake. Zilijengwa kwa pesa za karne ya 19, wakati misafara kutoka upande wa Ziwa Nyasa ilikuwa ikiteremsha pembe na watumwa hapa, na Kivinje ikawa mlango mkubwa wa kupeleka watu kwenye soko la Unguja lililofungwa mwaka 1873. Kisha wakaja Wajerumani na boma lao. Katika vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907, wapiganaji walinyongwa hapa kwenye mwembe, na mahali hapo panaitwa Mwembe Kinyonga mpaka leo. Nilisimama pale kama nusu saa. Hakukuwa na mtalii, na hakukuwa na muuza vinyago. Alikuwepo bibi mmoja tu akipita na kuni kichwani, akanisalimia.

Kivinje nayo iliangushwa na maji mafupi. Bahari yake ina tope na mikoko, maji yakitoka jahazi linakaa chini. Masoko ina kina, na utawala ukahamia huko. Ni hadithi ya Pangani kwa majina mengine.

Nikaendelea hadi Lindi, nikalala usiku mmoja kwenye gesti karibu na stendi. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kule Tendaguru, na wapagazi wakaibeba kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Leo mmoja wa wanyama hao amesimamishwa Berlin, kimo chake kama meta 13, na watu wanalipa kiingilio kumtazama. Nilikaa ufukweni Lindi nikiwaza kiingilio hicho.

Mikindani ni mwendo mfupi kabla ya kufika Mtwara, na ni mji mdogo uliolala kwenye ghuba ya duara. Livingstone alianzia huku safari yake ya mwisho mwaka 1866. Boma la Wajerumani, la mwaka 1895, lilikuwa gofu hadi shirika moja la hisani la Uingereza lilipolifufua na kuligeuza hoteli. Nilipanda hadi pale, nikanywa chai, nikaitazama ghuba. Pazuri sana, sikatai. Ila ukishuka chini mtaani unakuta nyumba za wenyeji zinaendelea kumong'onyoka.

Mikindani ilipokonywa kazi na Mtwara. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi wao mkubwa wa karanga, Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kwa ajili ya karanga za Nachingwea wakajenga bandari ya kina Mtwara, pamoja na reli. Mwaka 1951 mradi ukafa, takriban pauni milioni 36 zikiwa zimeteketea. Reli ikang'olewa miaka ya mwanzo ya 1960. Karanga hazikuonekana, lakini bandari ilishajengwa, na Mikindani haikurudishiwa mizigo yake.

Sasa nirudi kwenye eka zetu sita.

Nikiwa Mikindani nilisoma kwenye simu kwamba watu wa Barcelona wameandamana na kuwarushia watalii maji kwa bastola za watoto, kwa sababu kodi za nyumba zimepanda hadi wenyeji wanahama. Mwaka huo huo Venice ilikuwa imeanza kuwatoza wageni wa siku moja euro tano katika baadhi ya siku. Na mimi niko mahali ambapo mwenye duka amekaa toka asubuhi ameuza vocha tatu. Dunia hii ina maajabu. Kuna pwani inayolia kwa kuzidiwa wageni, na kuna pwani inayolia kwa kuwakosa.

Nilichokiona ni kimoja katika miji yote mitatu. Wanaopita hawajifungi kwako kwa mkataba. Wanafuata reli, bandari, lami, ndege, na vitu hivyo vinaamuliwa na watu ambao hawatakuuliza. Njia ikihama, kilichobaki mkononi mwa mwenyeji ndicho kinachomlisha. Mpangani amebaki na mnazi na mto wake. Wa Kivinje amebaki na bahari. Wa Mikindani ana bahari na mkorosho. Asiye na mnazi wala ngalawa, amebaki na ukuta wa mawe ambao hauliki.

Lakini nisijifanye nimemaliza hoja, kwa sababu kaka yangu naye ana hoja. Shamba nalo lina bwana wake wa mbali. Mwaka 2017 India ilipoweka kikomo cha kuingiza mbaazi, bei ikaanguka vibaya, na magunia yetu yakakaa ghalani mpaka wadudu wakayajua kwa majina. Kumbe mkulima wa Mtwara na mkulima wa Mbulumbulu, ambao hawajawahi kuonana, walilia siku moja kwa uamuzi wa Delhi. Kaka aliniambia, "Unatuhubiria shamba, wewe unayelipwa mshahara mjini." Ni kweli, nalipwa mshahara, ingawa kwa mshahara wa mwandishi wa habari angeniombea dua kwanza.

Kikao kilikaa Septemba. Nilisema kwa kifupi, maana wazee hawapendi hotuba. Nilisema tusiuze. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaipa halmashauri ya kijiji na mkutano wa kijiji sauti juu ya ardhi, na mgeni asiye raia hamiliki ardhi hapa ila kwa njia ya uwekezaji. Kwa hiyo dalali asitufanye tuone kwamba mambo haya ni ya sebuleni na usiku. Kama mtu anautaka ukingo ule kweli, aje kijijini mchana, aongee kupangishwa kwa miaka inayohesabika, kwa sehemu ya ardhi tu, na njia ya ng'ombe ibaki wazi. Zilizobaki ziendelee kulimwa. Akihama siku moja, kama mizigo ya Pangani ilivyohama, atatuachia nyumba na sisi tutakuwa na shamba.

Mzee mmoja akauliza, "Na asipokuja kabisa?" Nikajibu kwamba hata sasa hayupo, na tumekula. Wakacheka. Kaka hakucheka.

Babu zetu Wairaqw walijenga tembe zilizozama ardhini, nyumba za kujificha, ili Wamasai wakipita wasizione. Watu wa Kivinje walijenga ghorofa na milango ya kuchonga, nyumba za kuonekana kutoka baharini. Sisi wa leo tunataka kuonekana, na sio vibaya. Kijiji kinachoonekana kinapata barabara, kinapata zahanati, kijana wake anapata kazi bila kuhamia Arusha. Ninachoomba ni kwamba siku tukionekana, tukutwe bado tuna mahali petu pa kusimama.

Baba aliamua tufuate njia ya kupangisha. Dalali alipoambiwa aje mkutano wa kijiji alisema atapiga simu. Mpaka naandika haya hajapiga, na kaka bado amenuna. Mvua ikinyesha vizuri tutapanda mbaazi na mahindi kwenye eka zile zile.

Na wewe ukipata likizo, kabla hujaenda kule wanakokwenda wote, shuka Nangurukuru. Bodaboda wapo. Kivinje wana pweza mtamu, na bado hawajaanza kuuza kwa dola.